Mlango wa Kushoto wa Gari la Mkwe

Fundi alikuwa amesimama upande wa pili wa gari akisubiri niseme kitu, nami nilikuwa nasubiri mlango ubadilike.

Haukubadilika. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, mjini Iringa, mwezi wa saba, na ukungu uliolala uani kwake tangu alfajiri ndiyo kwanza ulikuwa unaondoka. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umepigwa rangi ya kijani iliyokolea, kisha ukafunikwa klia, ile ya mwisho isiyo na rangi, ambayo kazi yake ni kuifanya rangi iliyo chini yake iwake. Huu haukuwaka. Ulikuwa na weupe-weupe kama kioo cha bafuni mtu akimaliza kuoga, na ndani ya weupe huo mabaka: hapa panang'aa kidogo, pale hapang'ai kabisa, na kule chini karibu na tairi vipele vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Nilipitisha kiganja. Nilihisi nimegusa mkono wa mtu anayesikia baridi.

"Nilikwambia," alisema fundi.

"Uliniambia."

"Nilikwambia, mwalimu, klia haipendi ukungu. Nikasema tungoje hadi saa sita. Ukasema nini?"

Nilisema, na nakumbuka vizuri kwa sababu nilitumia ile sauti ninayowatolea wanafunzi wanaoomba kuongezewa muda, kwamba rangi ni kemia, na kemia haina hisia.

"Ukasema kemia haina hisia," alijijibu mwenyewe, akafungua chupa yake ya chai. "Haya. Ongea nayo sasa hiyo kemia."

Fundi wangu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyefundishwa kazi na marehemu baba yake. Ana mikono mikubwa, kofia ya sufu asiyoivua, na tabia ya kusema kweli mapema mno asubuhi. Kosa halikuwa lake hata chembe. Bati na rangi alikuwa amevimaliza Jumapili jioni; mimi nilimfikia saa kumi na mbili na nusu, nikamkalia kooni, nikamfanya apulize klia hewani humo humo ambamo nguo tu zisingekauka. Unyevu ukanaswa ndani. Sasa ulikuwa umekaa pale, chini ya kitu kigumu kilichopaswa kuwa kama kioo.

Gari lenyewe si langu. Ni la baba mkwe wangu, na ili hofu yangu ieleweke inabidi nimweleze.

Mimi nimezaliwa Usangu, upande wa Igawa, katika familia ya wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Nimeolewa kwa Wanyakyusa. Kwetu mkwe anaheshimiwa: unapiga goti, unasalimia, maisha yanaendelea. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawasalimiani. Wanakwepana. Yeye akipita njia hii, wewe unachukua ile. Humtazami usoni, hutaji jina lake, huketi chumba alichoketi. Siku hizi mjini wengi wamelegeza, na wasichana wa leo wanapiga picha na wakwe zao huku wakicheka. Baba mkwe wangu hakulegeza. Si mkali. Ni mzee wa kanisa, mpole, aliyeendesha malori barabara kuu ya Zambia mpaka akastaafu. Ila alilelewa hivyo, na hakuona sababu ya kubadilika kwa kuwa mwanawe ameoa mtu mwenye shahada.

Nami sikuwa mtu wa kumbadilisha. Mwaka ule ule nilioolewa nilikuwa nimeandika makala kali kuhusu mila zinazomnyima mwanamke sauti. Nilipofika Ilomba, nyumbani kwao mjini Mbeya, kwa mara ya kwanza na kusikia kikohozi chake sebuleni, nilitoka kwa mlango wa jikoni nikiwa nimeshika viatu mkononi. Tangu siku hiyo ni miaka ishirini na miwili. Kila neno kati yetu limepita kwa mama mkwe.

Mara moja tu tumewahi kuwa mahali pamoja, na mahali penyewe ni ndani ya gari hili. Uchungu wa mtoto wangu wa pili ulinishika nikiwa Ilomba, mume wangu akiwa safarini, na hapakuwa na dereva mwingine. Mama mkwe alifunga kanga mbili kati ya viti vya mbele na vya nyuma kama pazia, tukaondoka kwenda hospitali. Niliuma pindo la kitenge njia nzima nisimpigie baba mkwe kelele. Yeye aliendesha bila neno. Mama aliniambia baadaye kwamba kioo cha kuonea nyuma alikuwa amekigeuza kikatazama paa.

Miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kuingia mtoto wa jicho. Siku aliyoshindwa kutofautisha taa za breki na nyanya zilizopangwa kando ya barabara, alisema mwenyewe kwamba haendeshi tena. Ufunguo alimpa mama, na mama akauleta jikoni nilikokuwa namenya ndizi.

"Baba yako anasema gari likae na wewe Iringa."

"Na mwanawe je?"

"Mwanawe anaendesha kama anafukuzwa na nyuki. Anasema wewe ndiye una mkono."

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwa baba mkwe. Mtu ambaye hajawahi kuniona usoni alikuwa amenikabidhi kitu alichokipenda kuliko vyote vyenye magurudumu. Nimepokea vyeti kadhaa maishani, vingine vina muhuri wa dhahabu. Hakuna hata kimoja nilichowahi kukifikiria nikiwa peke yangu barabarani na kutabasamu. Hicho ndicho nilichokuwa naogopa kunyang'anywa.

Maana Alhamisi iliyotangulia, nikitafuta kichwani sentensi ya mwisho ya makala, niliingiza gari nyumbani kwangu na nguzo ya geti haikusogea.

Sikumwambia mtu. Mume wangu anafanya kazi Mtwara. Kwenye simu nilimwambia geti letu linahitaji grisi. Nilikuwa nimepanga kulishughulikia gari kwa wakati wangu, taratibu, kwa siri. Jumapili mama mkwe akapiga simu. Nafasi ya upasuaji wa jicho imepatikana, Jumatano anafanyiwa, Alhamisi anafunguliwa bendeji.

"Na Jumamosi ulete gari," alisema.

"Anataka kwenda wapi, mama?"

"Haendi popote. Anataka kuliona. Anasema daktari atamsomesha herufi ukutani, sawa, lakini yeye mwenyewe akiliona gari lake ndipo atajua kama amepona."

Ndiyo sababu ya Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, na ukungu.

Fundi alimaliza chai yake, akazunguka mlango akiinamisha kichwa huku na huku, akitafuta mwanga. Kupiga upya haiwezekani, alisema. Anahitaji jua la siku mbili na wiki hii jua halipo. Iliyobaki ni kusugua. Klia ikishakomaa inasuguliwa kwa msasa wa maji, ule laini kabisa, mpaka weupe na vipele vyote viondoke na mlango uwe sawa, kisha inasuguliwa tena kwa dawa mpaka mng'ao urudi.

"Lini?"

"Ijumaa. Kabla ya hapo bado laini, utaivuruga."

"Ijumaa ndiyo siku ya mwisho niliyo nayo."

"Basi ndiyo hiyo hiyo."

Jumatano jioni akanipigia. Shangazi yake amefariki huko Kilolo. Anaondoka alfajiri, hatarudi kabla ya Jumapili. Nilimpa pole, na nina aibu kusema kwamba niliposema pole nilikuwa nahesabu siku.

Alhamisi nilipita kwa mafundi wengine wawili. Wa kwanza alisema mlango wote uvuliwe rangi mpaka bati. Wa pili aliwaita wenzake waje waone. Nikarudi kwa fundi wangu, nikamkuta mdogo wake wa kike, amenitunzia mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na karatasi za msasa za namba tatu, kopo la dawa ya kung'arishia lililobaki nusu, na kipande cha soli ya kandambili kilichokatwa vizuri ukubwa wa kiganja. Msasa unazungushiwa kile kipande, ili vidole visichimbe. Maelekezo nilipewa kwa simu, fundi akiwa tayari msibani.

"Anza na elfu moja mia tano, halafu elfu mbili, malizia elfu tatu. Maji mengi, na tone la sabuni. Mkono mwepesi. Nenda rudi mstari mmoja, usizungushe kama unapiga deki. Na tazama maji, mwalimu. Yakitiririka meupe kama maziwa, uko kwenye klia, endelea. Yakiwa kijani umeshavuka, umefika kwenye rangi. Hapo acha. Usiseme ngoja kidogo tu. Acha."

"Klia yenyewe ni nene kiasi gani?"

"Nilipiga mikono miwili."

"Ndiyo kiasi gani?"

"Nyembamba kuliko karatasi unayosahihishia."

Ijumaa sikwenda kazini. Saa tatu nilikuwa uani kwangu na ndoo mbili, nimevaa suruali ya mume wangu, nimepiga magoti mbele ya mlango ule. Nimesoma vitabu vingi juu ya hofu na nimewahi hata kufundisha kimoja. Hakuna kilichotaja kwamba hofu inakaa kwenye kiwiko. Mkono wangu ulikataa kunyooka. Nililowesha msasa, nikauweka juu ya bati, nikauondoa. Nikauweka tena. Nikajiambia nitahesabu hadi tatu, nikahesabu hadi kumi na moja.

Mpigo wa kwanza ulitoa sauti kama mtu anayekwangua ukoko wa wali. Maji yakatiririka meupe. Wa pili, meupe. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Jumatatu, kisha nikautazama mlango wenyewe na kuishika upya, kwa sababu mahali nilipopita palikuwa pabaya kuliko mwanzo. Mabaka yalikuwa yamekwenda, ndiyo, lakini na kila chembe ya mng'ao ilikuwa imekwenda nayo. Palibaki kijivu kilichokufa, kama ubao wa shule uliofutwa vibaya. Fundi alikuwa ameniambia itakuwa hivyo. Kuambiwa ni kitu kimoja. Kupiga magoti kwenye zege ukiliharibu gari la mkwe kwa mikono yako miwili, sentimita kwa sentimita, kwa imani kwamba baadaye litapendeza, ni kitu kingine, na mimi si mtu wa imani kubwa.

Nilisugua. Jirani alichungulia juu ya ukuta akaniuliza kama nimeacha kufundisha. Nilimjibu bila kugeuka, macho yangu yako kwenye maji. Meupe. Meupe. Kila mara yalipochelewa kutiririka, niliinama kuyatazama kwa karibu. Kufikia saa tano nilikuwa nimeimaliza sehemu yote ya katikati, na hapo ndipo nilipoanza, kidogo tu, kujiona nina mkono. Nilishuka kwenye kona ya chini, karibu na tairi, penye vile vipele vibaya kuliko vyote. Nikaongeza nguvu.

Maji yalishuka kijani.

Sikuacha mara moja. Hilo lazima niliseme. Mkono ulikwenda na kurudi mara moja zaidi, labda mbili, kama vile mpigo wa mwisho ungeweza kukanusha uliotangulia. Nilipofuta, palikuwa na kidonda kisicho na klia kabisa, rangi ikiwa uchi, na pembeni yake kijivu cha rangi ya msingi kilianza kuchungulia. Niliketi chini kwenye maji ya sabuni. Kisha nikampigia fundi.

Aliipokea kwa kunong'ona. Nyuma yake wanawake walikuwa wanaimba.

"Pole na msiba, dada."

"Nishapoa. Maji rangi gani?"

"Kijani."

"Wapi?"

"Kona ya chini, kwa tairi."

"Kubwa?"

"Kama ukucha wa kidole gumba."

"Cha mkono au cha mguu?"

"Cha mguu."

Nilisikia akisogea mbali na uimbaji.

"Mwalimu, nilikwambia nini kuhusu kona?"

"Hukuniambia kitu kuhusu kona."

"Sikukwambia?"

"Hukuniambia."

"Basi tumekosa wote. Kona na mikunjo haisuguliwi, klia pale inakimbia, inabaki utando. Ondoa mkono. Kausha. Bandika pale tepu ya karatasi, umalizie kwingine na ile dawa."

"Na pale je?"

"Pale pamekwenda mpaka nirudi. Usinifanye niseme neno baya, niko msibani."

Nilimaliza kwingine. Elfu mbili, elfu tatu, kisha dawa, kwa fulana kuukuu, kwa mkono, maana mashine yake hakuniachia na ninamshukuru kwa hilo. Kufikia saa tisa mlango ulikuwa umewaka. Nasema bila kujisifu, maana hapakuwa na cha kujisifia nikiwa najua kilichopo chini ya tepu: mtu angeweza kujitazama pale na kupaka wanja. Nilibandua tepu. Lile doa lilikuwa pale pale, limefifia, limekauka, na lilionekana kuwa kitu pekee nilichowahi kukifanya maishani.

Jumamosi niliondoka mapema. Ukitoka Iringa kwenda Mbeya una saa nyingi za kujitengenezea maneno, nami nilitengeneza mengi. Nilikuwa na toleo la mawe yaliyorushwa na lori. Nilikuwa na toleo la ng'ombe. Kufikia Makambako nilikuwa na toleo ambalo ndani yake sikuwepo kabisa. Igawa nilisimama kufuta vumbi mlangoni, na mama mmoja muuza vitunguu akaja na kapu lake, akalizunguka gari, akasimama upande wa kushoto.

"Shangazi, umenunua mlango mpya?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Sasa mbona huu unang'aa na gari lenyewe halina habari?"

Nilirudi nyuma hatua tano, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile ya geti, nikalitazama gari zima. Alikuwa sawa. Boneti ilikuwa imepauka, paa limechujuka na jua la miaka, milango mingine mitatu ilikuwa na ukungu wa uzee, na katikati ya yote hayo kulikuwa na mlango mmoja unaowaka kama jino la bandia. Kwa siku nzima nilikuwa nimeiogopa kona yenye ukubwa wa ukucha, kumbe nilikuwa nimeuwekea mlango wote taa. Hata kipofu angeuona, na baba mkwe hakuwa kipofu tena.

Nilinunua vitunguu nisivyovihitaji. Sikumbuki vizuri barabara kutoka hapo hadi Uyole.

Ilomba niliegesha gari uani, ubavu wa kushoto ukielekea ukuta kwa kadiri nilivyoweza, nikazunguka kwa nyuma na kuingia jikoni kabla injini haijapoa. Mama mkwe alinikumbatia. Nilisikia mlango wa mbele ukifunguliwa, na nyayo. Dirisha la jikoni lina wavu wa mbu. Ukisimama nyuma yake kando ya kabati unaona nje, wala huonekani. Najua, nimesimama pale miaka ishirini na miwili.

Baba mkwe alikuwa amevaa miwani nyeusi ya hospitali na koti lake la ibada. Mama alitoka akaungana naye. Kwanza alisimama mbele ya gari kwa muda mrefu.

"Hii boneti imekuwaje?"

"Imekuwa hivyo siku nyingi," alisema mama.

"Nyingi tangu lini?"

"Miaka. Hukuwa unaona."

"Na ninyi mlikuwa mnaona, mkanyamaza?"

"Tungekwambia ili iweje?"

Akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha hapo. Nilitamani abaki hapo hapo hadi jua lizame, lakini akaanza kutembea, mkono ukiteleza juu ya bati, mlango wa mbele wa kulia, wa nyuma, buti, akageuka. Akajipenyeza kati ya gari na ukuta, upande niliouficha. Mkono ukasimama.

"Na huu nani kauvalisha nguo za Pasaka?"

Mama alicheka. Yeye hakucheka. Aliinama, polepole, mama akamkemea kwamba daktari amekataza kuinama, akaendelea kuinama. Alikuwa amefika kwenye kona.

"Mtu amesugua hapa mpaka akatoboa," alisema. "Limegongwa hili. Limegongwa, likapigwa rangi, na mtu amesugua kona."

"Fundi wa Iringa huyo," alisema mama, ambaye hakuwa anajua chochote, ila ana tabia ya kumtetea kila aliye jikoni kwake.

"Fundi gani anasugua kona? Huyo ni mwizi, si fundi. Nipatie namba yake. Nimpigie sasa hivi."

Mama akaingia jikoni. "Baba yako anataka namba ya fundi."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema namba imefutika, ningeweza kusoma namba nikikosea tarakimu moja. Ningenyamaza tu, mambo yangeisha kwa njia nzuri kabisa kwangu: gari limegongwa na nani, haijulikani, kazi mbaya, ya fundi, mkamwana, mwenye mkono. Nilimwona yule mwanamke na kofia yake ya sufu, amekaa kwenye mkeka huko Kilolo kati ya waombolezaji, simu inaita, na mzee asiyemjua anamwita mwizi kwa kona ambayo hakuigusa.

Nilitembea hadi mlango wa uani. Nilisimama nyuma yake, bega kwenye fremu.

"Si fundi, baba," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayeitikia mahudhurio. "Ni mimi. Geti niligonga mimi. Fundi nilimharakisha mimi, kwenye ukungu. Na kona nimesugua mimi."

Mama mkwe aliweka mkono mdomoni. Jogoo wa jirani alipita mbele ya gari, akapita tena. Kisha nikasikia nyayo zikija kuelekea mlango, na nilifikiri kwa kweli kwamba nitakimbia, kwamba mtu wa umri wangu, mwenye watoto chuoni, atapita dirishani. Nyayo zikasimama. Kwenye ufa wa mlango niliona koti lake kwa nyuma. Alikuwa amekuja hadi hatua mbili kutoka nilipo, kisha akanipa mgongo, kama anavyopaswa.

"Msasa namba ngapi?" aliuuliza ukuta wa pili.

"Elfu moja mia tano, baba. Halafu elfu mbili, na elfu tatu."

"Kwenye kona pia?"

"Kwenye kona pia."

"Kwenye kona pia," alirudia, kama daktari anayeandika. Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, na ukali ungenisaidia. Alichosema alikisema kwa utaratibu, akimwita mkewe, ingawa sote watatu tungeweza kugusana mikono.

"Mama. Mwambie ufunguo auache mezani."

Niliuacha mezani. Jumapili nilirudi Iringa kwa basi, nikiwa na ndizi za mama mkwe na vitunguu vyangu mwenyewe vya Igawa. Nilipopita getini nyumbani kwa miguu niliitazama ile nguzo. Ilikuwa na mstari wa kijani, nao nimeuacha.

Fundi aliporudi alikuja kuchukua mfuko wake.

"Ulinitaja?"

"Nilijitaja."

Alichukua kipande cha kandambili, akakigeuza, akaona jinsi nilivyokimaliza upande mmoja. "Ulikuwa unakandamiza," alisema. Aliponitoza aliniachia lile kopo la dawa.

Wiki tatu zikapita bila simu kutoka Ilomba. Mama mkwe hupiga kila Jumapili. Jumapili ya kwanza hakupiga, nikasema wana ugeni. Ya pili nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa naandika ujumbe na kuufuta. Nilimweleza mume wangu kila kitu, akacheka hadi akakohoa, akasema baba yake amewahi kukaa mwaka mzima bila kuongea na kaka yake kwa ajili ya jeki. Alidhani ananifariji.

Jumapili ya tatu simu iliita nikiwa nafua. Nilipokea kwa mikono yenye povu.

"Baba yako anauliza," alisema mama mkwe, bila salamu, kwa sauti ya mtu anayesoma ujumbe alioandikiwa, "lini unakuja kufanya boneti."

Sikuelewa. Nikamwomba arudie.

"Boneti. Anasema ule mlango unamuumiza jicho, gari zima lionekane kama ule. Anasema yeye hawaamini mafundi wa hapa. Wakikosea hawasemi."

Niliketi kwenye ukingo wa sinki. Boneti ile ina klia ya miaka ishirini na zaidi, iliyokaushwa na jua la Mbeya mpaka hakuna anayeweza kujua imebaki kiasi gani, na ina mikunjo miwili mirefu katikati na kona nne. Kiwiko changu kilianza kukakamaa pale pale, kwenye maji ya kufulia.

"Mama," nilisema, "na yeye atakuwepo?"

"Atakuwepo. Ameshanunua msasa."